Siku Niliyomtangulia Mchungaji

Mtafsiri wa kanisani hasemi "mchungaji anasema alikuwa mlevi." Anasema "nilikuwa mlevi." Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa, na nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na saba, sijawahi kuonja pombe. Nilisimama mbele ya watu wa kanisa letu la mtaa wa Karagita na koti la kuazima, nikawaambia kwamba nimelala mtaroni miaka minne, kwamba mke wangu alifunga virago mara mbili, kwamba mtoto wangu wa mwisho alikuwa akinikimbia akiniona nikirudi nyumbani. Watu walicheka hadi viti vya plastiki vikalia. Mchungaji, ambaye hayo yote yalimpata yeye kweli, alinitazama kwa jicho la pembeni, akaona kanisa limeamka, akaendelea.

Ninaandika polepole. Nilimaliza darasa la nane sikuendelea, na kila sentensi naisoma kwa sauti kabla ya kuhamia nyingine. Lakini hili nataka niliandike mwenyewe. Watu wanaonijua sasa, wale wanaokuja kunisikiliza Nakuru nikichekesha, wanadhani uchekeshaji ndio uliniondoa kwa Mungu. Wa Karagita nao wanadhani hivyo hivyo, ila wao wanasema kwa huzuni. Haikuwa hivyo. Niliacha kuamini nikiwa madhabahuni, maiki mkononi, na chanzo kilikuwa kosa la nusu dakika.

Nieleze kwanza nilifikaje hapo, maana mimi ni mtu wa haya. Nikiwa mdogo nilikuwa napita duka la karibu naenda la mbali, kwa sababu mwenye lile la karibu alipenda kuuliza maswali. Mama aliomba haya zinitoke kama vile wengine wanavyoomba watoto wao waache bangi.

Baba alipofariki, mama alitushusha kutoka milimani Kinangop, yeye na mimi, akapata kazi ya kukata waridi katika shamba moja la maua kando ya ziwa. Tulipanga chumba kimoja katika ploti ya milango kumi na miwili, na nilipofikisha umri nami nikaingia hapo hapo shambani, upande wa kupanga maua kwa urefu wa shina. Karagita watu wametoka kila mahali. Mlango wa kwanza Mluhya, wa pili Mjaluo, wa tatu mama mmoja Mkisii mwenye kicheko kinachosikika barabarani, wa nne sisi Wakikuyu. Kanisa letu la mabati lilikuwa na mchanganyiko huo huo. Mchungaji alijua Kiswahili cha kununua sukari, lakini Neno lilimtoka kwa Kikuyu tu, kwa hiyo lazima awe na mtafsiri. Aliyekuwepo alioa akahamia mtaa wa Kamere, na Jumapili hiyo hiyo mama akainua mkono akasema, huyu wangu anaweza. Mimi sikusema kitu. Kwetu kijana akinyamaza mbele ya wazee, amekubali.

Na kweli niliweza. Niligundua kwamba haya zangu ni za maneno yangu tu. Ya mtu mwingine nayasema bila kutetemeka.

Mchungaji alinifundisha kazi vizuri. Akiruka, niruke. Akilia, nilie. Akipiga magoti, nisibaki nimesimama kama mlingoti wa stima, kwa maana mtafsiri baridi humfanya mhubiri aonekane mwongo. Yale mengine nilijifundisha. Nilijua kwamba ukimjibu haraka, watu wanasisimka, na ukimchelewesha kidogo tu, wanacheka. Jumapili moja alikemea wanaosengenya kwa muda mrefu sana, akataja visima, akataja milango ya ploti, akataja ndimi za nyoka, bila kunipa nafasi. Aliponyamaza kupumua, nilisema, "Acheni." Yule mama Mkisii alicheka akatolewa nje na wahudumu wawili. Mchungaji naye alicheka, akarudia kwa Kikuyu hilo neno langu moja.

Na nilikuwa naamini. Sitaki mtu adhani nilikuwa naigiza. Niliamini kiasi kwamba nikirudi nyumbani nikamkosa mama, sikuwaza kwamba ameenda posho mill kusaga unga. Niliwaza kwamba Yesu amerudi, amemnyakua, mimi nimeachwa. Nilikuwa naangalia viatu vyake mlangoni. Kisha nakimbia mlango wa tatu kuona kama jirani naye ameenda, na nikimkuta anafua, natulia kidogo, halafu naanza kujiuliza kama huyo kweli ni kipimo kizuri. Hiyo hofu nilitembea nayo tangu nikiwa na miaka tisa. Radi ikipiga upande wa mlima Longonot, natoka nje kutazama kama mbingu zimefunguka. Nikiwa kazini, mikono ikipanga maua, kichwa kilikuwa kinahesabu dhambi za asubuhi hiyo, na kama sikupata yoyote, niliomba msamaha kwa kujiona msafi.

Sasa kosa lenyewe.

Nilikuwa nimetafsiri karibu miaka sita. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, mvua imenyesha, watu wamejaa na matope kwenye viatu. Mchungaji alikuwa anasimulia jinsi alivyookoka, hadithi ambayo nilishaitafsiri mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai. Alifika pale mtaroni. Alifika pale mbwa anapomlamba uso. Akanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote hapo, akafuta jasho. Na mimi, kwa mazoea tu, nikasema kwa Kiswahili, "Mungu akaniita kwa jina langu, akaniambia, amka."

Mchungaji hakuwa ameyasema bado.

Nilihisi masikio yakiwaka. Alinigeukia na kitambaa kikiwa usoni nusu. Kisha, taratibu, akasema kwa Kikuyu, Mungu akaniita kwa jina langu, akaniambia, amka. Alinitafsiri mimi. Aliinua hata mkono, kama nilivyokuwa nimeuinua wangu.

Kanisa lililipuka. Waliojua lugha zote mbili waliona kwamba Kiswahili kimetangulia, wakawaambia wasiojua, na watu wakaanza kunena kwa lugha, wengine wakaanguka. Walisema Roho amenishukia, kwamba nimesema neno kabla mtumishi hajalisema. Mama alikuwa safu ya mbele analia, mikono juu. Na mimi katikati ya kelele zote hizo nilikuwa nimetulia kabisa, najua kitu kimoja ambacho hakuna mwingine mle ndani alikuwa anakijua. Hakuna kilichonishukia. Nilikuwa nimejua linalofuata kama vile mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani.

Nilienda nyumbani na wazo ambalo sikulitaka. Kwa miaka sita mdomo wangu umesema "Mungu aliniambia." Ameniambia nijenge, ameniambia nifunge siku saba, ameniambia kuna mtu hapa ana maumivu ya goti la kushoto. Ukihesabu wahubiri wetu na wageni wote niliowatafsiria, ameniambia mamia ya mara. Nikakaa kitandani nikajiuliza ni lini ameniambia mimi. Nilingoja. Nilisikia redio ya jirani na mtu akiosha sufuria. Nilirudia kungoja wiki nzima, kwa heshima kabisa, magoti chini. Kisha nikafikiria labda wale wahubiri nao wanasimama mahali pa kusimama na kusema linalofuata, bila hila, kwa mazoea, kama mimi.

Ningeweza kubaki hapo, nusu nusu, kama wengi wanavyobaki. Lakini baada ya siku ile watu walianza kuniletea shida zao. Mama mmoja kijana alinijia na mtoto anayepumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Nilimwambia twende zahanati. Akasema, omba kwanza. Niliomba, na lilikuwa ombi la kwanza la maneno yangu mwenyewe mbele ya mtu, na halikuwa na mtu upande wa pili. Nilikatiza nikaita boda boda. Mtoto alipewa dawa, akapona. Jumapili iliyofuata mama yake alisimama kushuhudia kwamba nimemwekea mtoto mikono akapona papo hapo. Boda boda haikutajwa, daktari hakutajwa. Nilikuwa na maiki. Nilikaa kimya, na ile haya ya utotoni ikarudi, safari hii kwa sababu nzuri. Nikawaza, mwingine atasikia ushuhuda huu, na mtoto wake atapumua hivyo hivyo, na ataanza kunitafuta mimi.

Siku hiyo nilijua kwamba siamini kuna Mungu, na kwamba sitabaki pale mbele.

Wa kwanza niliyemwambia alikuwa mwenzangu wa kazini, Mbukusu mmoja aliyekuwa anasukuma mikokoteni ya maua na kumtania kila mtu hadi supavaisa. Nilitarajia ashtuke. Aliniuliza kama hiyo inamaanisha sasa niko huru Jumapili. Kisha akasema alikuwa anakuja kanisani kwetu, yeye Mkatoliki, kwa ajili ya kunisikiliza mimi tu. "Buda, wewe ni mchekeshaji," akasema. "Shida yako ni kwamba unadhani ni upako."

Ndiye aliyenipeleka Nakuru. Kulikuwa na hoteli moja ambayo Jumamosi alasiri inawapa wachekeshaji wapya dakika tano. Nilimwambia siwezi kusema maneno yangu mbele ya watu, nitakufa. Akafikiria, akasema basi sema yangu. Tukapanda jukwaani wawili. Yeye akawa baba mkwe anayepokea wageni, anaongea Kibukusu, na mimi mtafsiri wake, ilhali Kibukusu sijui hata salamu. Aliongea kwa hasira dakika nzima, anapiga kifua, anaonyesha ng'ombe wasiokuwepo. Aliponyamaza nilisubiri kidogo, nikasema, "Amesema karibuni." Ukumbi uliangua kicheko. Akaongea neno moja, fupi. Nikawaeleza kwa muda mrefu ukoo wake wote na sababu za yeye kutopenda watu wa Bonde la Ufa. Akalia, nikalia. Akaruka, nikaruka. Kila kitu nilichofanya pale nilikuwa nimekifanya Karagita, isipokuwa kwamba hapa hakuna mtu angeenda nyumbani akamnyima mtoto dawa kwa sababu yangu.

Tulirudi jioni hiyo na nilikuwa mwepesi hadi nikaogopa. Siku chache baadaye nilitoka kazini nikakuta mlango wetu umefungwa na viatu vya mama havipo. Nilifungua, nikachemsha chai. Ilikuwa imeshaiva ndipo nikatambua kwamba sikuwaza unyakuo. Niliwaza, ameenda posho mill. Nilikaa chini na kikombe nikacheka peke yangu. Miaka kumi na nne ya kuangalia viatu ilikuwa imeisha bila hata kuaga.

Lakini mama alikuwa bado hajui, na huo ndio mzigo uliobaki. Kanisa ndilo lililomsitiri alipofika Karagita mjane asiyejua mtu. Walimletea godoro. Na tangu nilipoanza kutafsiri, alikuwa na kiti chake safu ya mbele, watu walimwita mama mtafsiri, hata kazini. Mimi nikiondoka nilikuwa naondoka na kile kiti. Zaidi ya hapo, yeye aliamini kabisa kwamba mtoto wake asipookoka hatamwona tena baada ya kaburi. Kumwambia siamini ilikuwa kama kumwambia tunaonana hapa tu.

Nilimwandikia mchungaji barua. Ilinichukua wiki tatu na ilikuwa ukurasa mmoja. Aliniita kwake, akaisoma mbele yangu, akaikunja. Nilidhani atanikemea pepo. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeambiwa fundi wake anahama, "Sasa nani atanitafsiria?" Nikamwambia kuna dada mmoja wa kwaya, anajua Kikuyu vizuri. Akasema huyo hachekeshi. Nikasema labda ni nzuri. Akauliza kama mama anajua. Nikasema bado.

"Basi mwambie kabla ya Jumapili," akasema. "Asisikie kwangu. Mimi nitaongea kama mchungaji, wewe ni mtoto wake."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nilishindwa. Jumamosi mchana mama alipika mukimo, viazi na mahindi vya kuponda, akamwalika yule mama Mkisii wa mlango wa tatu, nami nikaona kwamba Jumapili ni kesho. Tuliketi kuzunguka kile kimeza kidogo, magoti yakigusana. Mama alipakua, akafunika sufuria, akaniambia kama kawaida nibariki chakula. Mwanamume wa nyumba alikuwa mimi.

Nilifumba macho. Nikayafumbua. Nikamwambia kwa Kikuyu kwamba siwezi.

Aliuliza kama koo linauma. Nikasema koo ni zima. Nikamwambia kwamba siombi tena kwa sababu siamini kuna anayesikia, kwamba nimemwandikia mchungaji, kwamba kesho sitasimama mbele. Niliyasema yote kwa pumzi moja, na yalikuwa maneno yangu, na nilitetemeka kama nilivyojua nitatetemeka. Jirani hakuelewa lugha, lakini aliona nyuso zetu. Aliweka mikono mapajani akatulia, jambo ambalo si kawaida yake.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu ile siku nilimtangulia mchungaji."

"Ile siku nililia."

"Nilikuona."

Alitazama sufuria. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni ya kifuniko. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa kuliko yote, kama yale niliyowaambia watu miaka yote hiyo yalikuwa uongo. Nilimwambia hapana, mwanzoni niliamini kila neno. Na hata nilipoacha kuamini, sikugeuza neno la mtu. Kile mtu alisema ndicho nilichosema. Kutafsiri si kudanganya.

"Kwa hivyo mimi nikiomba," akasema, "unaweza kunitafsiria?"

Sikuelewa.

"Mgeni hajui Kikuyu. Hawezi kusema amina kwa kitu hajasikia. Nitaomba mimi. Wewe fanya kazi yako."

Akafumba macho. Akaanza, na baada ya maneno machache akanyamaza pale pale ambapo mchungaji hunyamaza, na nikagundua kwamba kwa miaka yote ile kwenye safu ya mbele alikuwa amejifunza mwendo wetu wote.

Mungu wangu, alisema, uliniachia mtoto huyu mmoja.

"Mungu wangu," nikasema kwa Kiswahili, "uliniachia mtoto huyu mmoja."

Leo ameniambia hakuoni.

"Leo ameniambia hakuoni."

Mimi mama yake nimesikia, na sijui la kumjibu.

"Mimi mama yake," nikasema, mimi na ndevu zangu tatu, na nikasikia jirani akikazana kuzuia kicheko kwa pua. Mama naye alikisikia. Midomo yake ilicheza kidogo, akaendelea. Aliomba nilindwe barabarani nikienda Nakuru. Kumbe alijua za Nakuru. Aliomba wale watu wanaonicheka wanicheke vizuri, wasinicheke kwa ubaya. Aliomba nisimwonee haya. Yote niliyatafsiri, bila kuongeza na bila kupunguza, na sauti haikunitetemeka hata kidogo. Kisha akasema jambo refu zaidi, nikalifupisha, akasema amina, na jirani akaitika amina kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi.

Mama alifumbua macho. Hakugusa kijiko.

"Umeruka kitu," akaniambia. Kiswahili chake ni cha shambani lakini anakielewa chote.

Ni kweli nilikuwa nimeruka. Nilimwambia nililiona ni lake na Mungu wake.

"Lilikuwa maombi. Si umesema hugeuzi neno la mtu?"

Nikainamisha kichwa. Nikalisema lote, polepole, kwa jirani aliyekuwa anangoja: "Na kama hatarudi kwako, Mungu, nakuomba usimfukuze nyumbani kwangu, kwa sababu mimi simfukuzi."

"Amina," mama akasema tena, safari hii kwa Kiswahili.

Jirani aliuliza kama sasa tunaweza kula au kuna sehemu ya pili. Mama alifunua sufuria akacheka, kicheko kifupi chenye maji ya macho, akanirushia pande la kwanza sahanini. Kesho yake alienda kanisani bila mimi. Alirudi akaniambia yule dada wa kwaya anatafsiri sawa lakini anasimama kama mlingoti wa stima, na kwamba yeye amekaa pale pale, safu ya mbele, hakuna aliyemwondoa.

Lakini hiyo ni ya kesho yake. Jumamosi ile nilikula sahani mbili, nikaomba ya tatu.